Kinyama Kwenye Jicho la Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa mponda kokoto. Kutwa aliketi juani, akigonga mawe kwa nyundo. Pembeni yake alifanya kazi wifi yake, dada wa mumewe.

"Wifi, jicho hilo jekundu unamkonyezea nani?"

"Dereva wa lori. Kaka yako usimwambie!"

Walicheka. Lakini moyoni Mama Pacha alikuwa na hofu. Kwenye weupe wa jicho, karibu kabisa na sehemu nyeusi ya katikati, kilikuwa kimeota kinyama. Mwanzoni kilikuwa kama chembe ya mchanga. Sasa kilikuwa kama punje ya mchele. Alitia dawa ya matone ya dukani, wapi! Kila asubuhi, kabla watoto hawajaamka, alijitazama kwenye kioo. Kimekua? Kimekua.

Siku moja wifi alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. Kicheko kikamkauka.

"Hili si vumbi. Twende hospitali."

"Watanitoa jicho! Wanangu nitawaleaje?"

"Ukizidi kukaa ndiyo watalitoa. Nyanyuka."

Hospitali, muuguzi wa macho alimmulika. Akasogea karibu, akammulika tena. Mama Pacha akamshika mkono.

"Ni nini, dada? Niambie."

"Kwa kutazama tu sitajua, mama. Vinyama vingi vya jicho si hatari. Vichache ni saratani. Jua kali huchangia, na kinga ya mwili ikishuka pia, kama kwa virusi vya UKIMWI, kwa hiyo tutakupima na damu. Daktari atakikata, kipelekwe maabara kikachunguzwe kwa hadubini. Hapo ndipo tutajua."

Siku ya upasuaji alitiwa ganzi. Hakusikia maumivu, ila aliuona mkono wa daktari ukimjia jichoni. Kisha wakasubiri majibu. Aliwatazama pacha wake kama mtu anayekariri sura zao.

"Ni saratani," daktari alisema.

Wifi akamdaka asianguke.

"Nisikilize, mama. Ilikuwa juu juu tu, na tumeitoa yote. Damu yako haina virusi. Jicho lako linabaki. Lakini saratani hii inaweza kurudi, kwa hiyo usikose kuja kupimwa. Na juani vaa kofia pana na miwani."

Siku hizi wanawake wale wanaponda kokoto chini ya kivuli cha turubai. Mama Pacha anaona vizuri. Hofu haijamwisha. Siku ya kupimwa huamka akitamani kubaki nyumbani, lakini huenda. Daktari anapozima taa na kusema, "Safi," ndipo anaposhusha pumzi.