Mawaridi ya Jumamosi

Mvua ya saa tisa ilimsukuma Andati, fundi wa kuchomelea huko Butali, hadi ndani ya kibanda cha maua kando ya soko la Kakamega. Edah, mwenye kibanda, alikuwa akikata vikonyo vya mawaridi meupe ndani ya ndoo, kisha akiviingiza kwenye mkebe wa maji ya buluu.

"Unayaosha ama unayapaka?" Andati akauliza.

"Hayapakwangi. Yanakunywa. Kuja kesho uone."

Kesho yake alikuja, na kweli buluu ilikuwa imepanda hadi kwenye ncha za petali. Tangu hapo ikawa kila jioni simu.

"Mpenzi, maua yamekunywa?"

"Yamekunywa. Ni wewe hujanywa hata chai."

Edah, aliyeishi peke yake katika chumba kimoja Amalemba, akawa anaingoja simu ile kuliko chakula.

Mwezi wa tatu wa mapenzi yao Andati akamwambia, "Jumamosi nakupeleka kwetu Matungu. Mama anataka kukuona. Huyo anapendanga buluu sana."

Alhamisi akapiga tena, sauti imemkauka. "Nitengenezee mawaridi sitini, meupe. Nachukua Jumamosi asubuhi." Akakata.

Edah akacheka peke yake. Wanaume hawajui maua. Meupe matupu ni ya mazishi. Akayatia yote kwenye buluu. Jumamosi akavaa gauni la buluu lililombana kiuno, akasimama mlangoni pa kibanda.

Andati alishuka kwenye pikapu amevaa suti nyeusi. Akayatazama maua kwa muda.

"Mama alituacha Jumatano," akasema. "Hayo yalikuwa ya jeneza."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nilishindwa kusema kwa simu. Yarudishe meupe."

"Rangi ikishapanda haishuki, Andati."

Akaondoka mikono mitupu. Siku kumi na tisa Edah alipiga simu, haikushikwa. Maua yote sitini yakanyaukia ndooni mbele yake na buluu yao. Alifagia, akauza, akarudi chumbani kusikiliza majirani wakila na kucheka. Upweke ulimla kweli.

Siku ya ishirini, asubuhi, Andati akaingia. Alikuwa amekonda.

"Pole," Edah akasema. "Nilidhani najua."

"Nilikukasirikia wewe kwa sababu mama singeweza kumkasirikia. Shangazi zangu walichuma maua ya uani, yakatosha. Ile nyumba ya mama iko kimya sana, Edah. Nataka ua moja nimpelekee kaburini. La buluu."

"Sina. Tangu siku ile sijatia rangi."

"Tia sasa."

Edah akachagua waridi jeupe, akakata kikonyo ndani ya maji. "Litakunywa mpaka kesho."

Andati akaigeuza ndoo tupu, akaikalia. "Basi nangoja hapa," akasema.