Upande wa Nyuma wa Aproni

Kila jioni ya majira ya baridi, vyombo vikishaoshwa, Synne na bibi yake Gudveig waliketi karibu na jiko la kuni wakashona. Waliishi kijijini Ulvik, kwenye mteremko wa miti ya matufaha juu ya ghuba ya bahari iitwayo Hardanger. Runinga yao ilikuwa kitu cha kusikiliza tu, kwa kuwa macho yote yalikuwa kwenye kitani. Synne, mwenye umri wa miaka kumi na minne, alikuwa akitarizi pambo la aproni nyeupe atakayovaa siku ya kipaimara mwezi wa Mei. Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyokubali mbele ya wenzake. Alipenda pia chapati za viazi zenye siagi na sukari ambazo bibi alizileta wakati wa kupumzika, kwa sharti la kunawa mikono kabla ya kurudi kwenye kitambaa.

Ushonaji huo, uitwao kazi ya Hardanger, una utaratibu usiochezewa. Kwanza hushonwa visanduku vidogo vya uzi mweupe, kila kimoja kikitazamana na mwenzake. Vikitimia vyote, ndipo mkasi unapokata nyuzi za kitambaa zilizo katikati na kuacha madirisha madogo. Visanduku ndivyo vinavyoshikilia ncha zilizokatwa. Mahali pasipo na kisanduku, kitambaa hufumuka.

Mwezi wa Machi bibi alikwenda mjini Bergen kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Alimwambia Synne aendelee na visanduku, lakini mkasi umsubiri yeye. Synne akaitikia vizuri kabisa. Hazikupita siku nyingi uvumilivu ukamwisha. Visanduku vilionekana vimetimia, naye alitamani mno kuyaona madirisha. Akakata.

Madirisha ya kwanza yalitoka mazuri. Kwenye kona, nyuzi zikaanza kuchomoka, kwa sababu kulikuwa na kisanduku alichokiruka bila kujua. Likabaki tundu lenye nyuzi zinazoning'inia. Synne alilitazama huku machozi yakimtoka, kisha akakificha kitambaa kabatini chini ya foronya.

Shuleni alimweleza rafiki yake Jorunn, ambaye hakukosa dawa. Mama yake Jorunn alikuwa ameagiza pambo lililoshonwa kwa mashine kwa ajili ya aproni ya binti yake, na duka likaleta mawili kwa makosa. La pili lilikuwa limelala tu kwenye droo.

"Chukua hilo," Jorunn alisema. "Nani atajua?"

"Bibi atajua."

"Bibi yako jicho moja lina bandeji na la pili haliko sawa. Acha ushamba, Synne."

Synne alilichukua. Nyumbani aliligeuza mbele na nyuma, akaona limenyooka kila upande na hakuna mahali alipopitisha sindano yeye. Lakini kilichomuuma zaidi ni yale maneno kuhusu macho ya bibi. Aliona aibu kwamba hakumjibu Jorunn.

Bibi aliporudi, hata kabla hajavua koti, Synne aliweka vitambaa vyote viwili mezani.

"Bibi, nilikata kabla hujarudi. Na hili ni la dukani, nimepewa na Jorunn. Nilitaka kukudanganya."

Bibi Gudveig alipapasa tundu kwa kidole.

"Nilisema nini kuhusu mkasi?"

"Ulisema ukusubiri."

"Haya. Hili la duka lirudishe kwao kesho. Halafu lete sindano nyembamba. Utashona wewe. Mimi bado mgonjwa, kazi yangu itakuwa kukusumbua."

Na kweli alimsumbua. Synne alichomoa nyuzi kwenye ukingo wa kitani kilekile, akazifuma penye tundu, moja juu na moja chini, kisha akashona kile kisanduku alichokiruka. Alifumua na kuanza upya mara nyingi. Bibi alimwambia anashona kama anayefunga gunia la viazi, wakacheka wote wawili. Synne alifurahi kuliko siku zote za majira yale.

Mwezi wa Mei, nje ya kanisa, alikuwepo Bi Borghild, jirani ambaye katika kila sherehe hugeuza aproni za watu kutazama upande wa nyuma. Akiwa hayupo, watu humtania kwa jina la "Polisi". Aligeuza ya Jorunn, akaona ni kazi ya mashine, akaiachia. Alipogeuza ya Synne, kidole chake kikasimama kwenye kona.

"Hapa palifumuka."

Synne alikubali. "Ndiyo, Bi Borghild. Nilikata mapema, nikazirudishia nyuzi."

"Nani alizirudishia?"

"Mimi. Bibi alinielekeza."

Bi Borghild aliiangalia tena kona ile kwa karibu. "Nina aproni ya marehemu mama yangu imefumuka hivihivi. Nimetafuta mtu wa kuitengeneza, nimekosa. Njoo Jumatano uifanye wewe."

Jorunn alisogea, akauliza polepole kama naye anaweza kwenda kuona. Bi Borghild alimwambia aje na sindano yake.

Walipokuwa wakienda nyumbani, bibi alimshika Synne mkono.

"Ungenificha, leo ungevaa aproni nzuri na usingejua kutengeneza kitu," alisema. "Umesema ukweli, ndiyo maana umejifunza. Sasa wanakuita, na Jorunn atajifunza kwako. Hata mimi nilifundishwa hivi, baada ya kuharibu."

Synne alimuuliza aliharibu nini. Bibi alisema hiyo ni hadithi ya jioni, wakiwa na kazi mikononi.