Jina Ambalo Halikuwa Kwenye Orodha

Majirani zangu, wazazi wenzangu, na ninyi wenye ofisi na mihuri, nipeni masikio. Haya nitakayosema sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona nikiwa nimekalia kiti changu cha mapokezi, na mengine nilishiriki kuyafanya, Mungu anisamehe.

Nyumba yangu na nyumba ya fundi cherehani zimetenganishwa na ukuta mmoja tu. Kila asubuhi, kabla sijaenda kazini, nilikuwa nasikia cherehani yake ikianza kunguruma, na sauti ya binti yake akimsomea vipimo kutoka kwenye daftari la wateja.

"Kiuno thelathini na nane, baba."

"Huyo si ndiye aliyekuja mwaka jana na thelathini na mbili?"

"Ndiye."

"Basi ndoa imemkubali."

Wanacheka baba na mwana, nami upande wa pili nacheka na mswaki mdomoni. Hapakuwa na utajiri mle ndani, lakini palikuwa na raha ambayo wengi wenye magari hawaijui.

Mama wa nyumba ile alifariki binti akiwa bado mdogo, na fundi akamlea peke yake. Binti huyo mtaani tulimwita Bisibisi, kwa sababu tangu utotoni alikuwa hakioni kitu ila atakifungua: redio, saa ya ukutani, hata pasi ya baba yake. Watoto wengine wakifungua kitu kinabaki vipande. Yeye alikuwa anakirudisha, na kinafanya kazi. Alipomaliza stashahada yake ya kompyuta, fundi alimshonea suti ya kijivu ya kuendea usaili.

Suti ile ilizeekea kwenye viti vya kusubiri. Kila ofisi ilikuwa na swali moja: "Una uzoefu wa miaka mingapi?"

"Ndiyo kwanza nimemaliza chuo."

"Basi rudi ukiwa na uzoefu."

Jamani, uzoefu unauzwa duka gani?

Hapo ndipo nilipojitia kimbelembele. Nilikuwa karani wa mapokezi katika hospitali moja ya binafsi, na meneja wetu alikuwa mtu wa maneno laini, anayemwita kila mtu "ndugu yangu". Nikamshika binti mkono nikampeleka ofisini kwake.

"Kwa sasa hatuna nafasi," alisema meneja, "lakini binti aje ajitolee miezi mitatu. Anayejitolea kwetu hatupwi. Nafasi ikitokea, yeye ndiye wa kwanza."

Bisibisi akauliza kwa adabu, "Samahani bosi, kutakuwa na barua inayoeleza hivyo?"

Meneja alicheka mpaka tai ikatikisika. "Barua ya nini, mwanangu? Hapa sisi ni familia."

Nami niliyemzidi umri na akili za ofisi, badala ya kumuunga mkono, nilimkonyeza anyamaze. Akanyamaza.

Niwaambieni alichokifanya pale, maana wapo watakaosema labda alikuwa analeta chai. Wiki ya kwanza alipuliza vumbi kwenye kompyuta zote na kubadilisha kebo zilizotafunwa na panya. Mwezi wa pili aliunganisha kompyuta za mapokezi, maabara na chumba cha dawa, mgonjwa akawa hahitaji tena kuzunguka na karatasi mkononi kama mpiga kura. Kisha akaanza kuingiza mafaili ya zamani kwenye kompyuta, moja moja, pamoja na kutufundisha sisi wazee wa kalamu jinsi ya kuyatafuta. Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa panya ile ya kompyuta kuliko panya wa stoo. Hakunicheka hata siku moja.

Je, kabla yake hapakuwa na fundi wa kompyuta? Alikuwepo mmoja, baba wa watu, aliyekuja kila wiki kwa mkataba. Meneja alipoona Bisibisi anaweza, akauvunja mkataba ule. Siku fundi yule alipokuja kuchukua vifaa vyake, walikutana na binti getini.

"Binti, sina kinyongo na wewe," alimwambia. "Ila ujue, kazi hii unayoifanya bure ndiyo iliyokuwa inawasomesha wanangu."

Bisibisi alinijia machozi yakimlengalenga. "Shangazi, mimi sikujua. Niache?" Mimi si shangazi yake wa damu, lakini ndivyo alivyoniita toka utotoni. Nikamjibu, "Kila mtu na riziki yake, mwanangu. Vumilia." Leo nikilikumbuka jibu lile natamani kujizaba kofi.

Miezi mitatu ikaisha. Meneja akasema bajeti mpya inakuja. Ikawa miezi sita. Akasema bodi haijakaa. Ukatimia mwaka, na bodi ikakaa, na walipokuja wageni wakubwa kuukagua mfumo, meneja aliwaambia, "Huu tumeujenga wenyewe." Wakapiga makofi. Bisibisi alikuwa chini ya meza wakati huo, anarekebisha waya uliolegea ili wageni waone vizuri.

Wenye hekima walisema mvumilivu hula mbivu. Sawa, lakini hiyo ni kwa mwenye shamba lake. Ukivumilia kwenye shamba la mwenzio, mbivu anakula mwenye shamba.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo moyo wangu unapochemka.

Katika mwaka huo huo macho ya fundi cherehani yalianza kumpiga chenga. Mama mmoja alirudisha sare ya shule: mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi. Fundi akasema alipitiwa. Kisha akaanza kunigongea ukuta nimtungie uzi kwenye sindano. Siku nyingine alijigonga kwenye fremu ya mlango wake mwenyewe, mlango alioupita miaka ishirini. Binti alipombana, akakiri: "Naona kama ninachungulia kwenye bomba. Katikati naona, pembeni giza."

"Baba, twende hospitali."

"Kwa nini? Suruali za watu hizi nitamwachia nani?"

Bisibisi akapiga hesabu yake. Pale hospitalini kwetu, mfanyakazi na wazazi wake walikuwa wanatibiwa kwa kadi ya wafanyakazi. Akamwendea meneja. Meneja akamwambia, "Mwezi ujao ndugu yangu, jina lako linaingia." Binti akarudi nyumbani akiruka. "Baba, mwezi ujao! Vumilia kidogo tu." Mwezi ulipofika, meneja alikuwa safarini. Uliofuata, karatasi zilikuwa zinasubiri saini. Wakasubiri miezi minne. Baba anamsubiri mtoto, mtoto anamsubiri meneja, na jicho halimsubiri mtu.

Asubuhi fundi alipoamka na kichwa kinachopasuka, na jicho la kulia jekundu kama kaa, binti hakusubiri tena. Alimleta moja kwa moja kwenye dirisha langu. Palikuwa na foleni ndefu.

"Shangazi, muandikishe baba kwa jina langu. Bosi alisema mwezi huu linaingia."

Nikafungua orodha ya wafanyakazi. Orodha ile aliitengeneza yeye kwa mikono yake, ila jina haliingizwi bila saini ya meneja. Nikaandika jina lake. Hakuna. Nikaandika tena, polepole, labda nimekosea herufi. Alikuwemo mlinzi. Alikuwemo mfagiaji. Alikuwemo hata dereva aliyekuwa amekwishafariki. Bisibisi hakuwemo.

"Mwanangu," nilisema, "halimo."

Meneja akaitwa. Alikuja na kalamu yake nyuma ya sikio.

"Taratibu ni taratibu," alisema. "Wewe si mfanyakazi wetu, wewe umejitolea. Mzee alipie kama wagonjwa wengine, au aende hospitali ya serikali." Akageuka aondoke, kisha, wallahi siongezi chumvi, akageuka tena: "Lakini kabla hujaenda, hebu mtazamie mhasibu kompyuta yake. Imeganda tangu asubuhi."

Foleni nzima iligeuka kumtazama. Na mnajua nini kiliniuma zaidi? Binti alipiga hatua moja kuelekea uhasibuni. Mazoea, jamani! Mtu akitumikishwa sana, miguu inaitika kabla ya akili.

Fundi alimshika mkono. Alikuwa ameziba jicho kwa kitambaa.

"Bwana mkubwa," alisema, "mimi nimeshona miaka mingi, na nimeshadhulumiwa. Yupo aliyechukua suti akahama mtaa. Lakini hakuna aliyechukua suti yangu, akaivaa, halafu akaniambia mimi si fundi. Mwanangu, twende."

Wakaondoka. Nami nilibaki nimekaa. Ndiyo, nilibaki nimekaa, na nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Kwenye hospitali ya serikali daktari wa macho alisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lingeokolewa kwa dawa ya matone ya kila siku. La kulia lilikuwa limekwisha. "Mngekuja miezi mitatu, minne iliyopita," alisema daktari, wala hakujua ameligusa donda gani.

Kesho yake Bisibisi alirudi kazini kwetu mara ya mwisho. Kijana mmoja wa maabara alimnong'oneza, "Wafungie mfumo wote! Badilisha maneno ya siri, uone watakavyokupigia magoti." Akamjibu, "Wagonjwa hawajanikosea." Akaandika kila neno la siri, kila kebo inaanzia wapi na kuishia wapi, akakabidhi funguo, akaomba cheti cha kuonyesha kwamba alifanya kazi pale. Meneja akasema hana kumbukumbu zozote zenye jina lake, hivyo hawezi kuthibitisha kitu. Zaidi ya mwaka mzima wa maisha ya mtoto wa watu, umefutwa kama chaki.

Alikaa ndani wiki mbili. Asubuhi nilikuwa sisikii kicheko tena ng'ambo ya ukuta. Nilisikia siku moja tu akilia, "Nimekupofusha, baba. Mimi ndiye niliyekwambia usubiri," na sauti ya fundi: "Wewe uliamini. Kuamini si kosa. Kosa ni la aliyejua anadanganya."

Maneno yale ndiyo yaliyonitoa kitini. Nilikaa nikaandika barua kwa mkono wangu: mimi karani fulani, mwenye miaka kumi na tisa kazini, nimemwona binti huyu akifanya hili, na hili, tangu tarehe hii mpaka hii. Nikaizungusha. Muuguzi mkuu akasaini, mtu wa dawa akasaini, hata mhasibu mwenye kompyuta iliyoganda akasaini. Jumla tulikuwa sita. Meneja aliposikia, alinihamishia stoo ya mafaili. Nikaenda. Panya wa kule ni waungwana kuliko yeye.

Bisibisi akaichukua barua ile na kuipeleka mahali ambapo mimi nisingethubutu: kwa yule fundi wa kompyuta aliyepoteza kazi kwa sababu yake. Alikuwa amepata mkataba wa kutunza kompyuta za chuo cha ufundi. Aliisoma mara mbili.

"Umekuja kuomba nini?"

"Kwanza kukuomba radhi. Pili, kazi. Na kama hakuna kazi, nijitolee."

"Radhi nimepokea, ingawa hukunikosea wewe. Kazi nitakuwa nayo muhula ukianza, wiki sita zijazo. Kabla ya hapo sina cha kukulipa." Akatoa karatasi. "Ukitaka kujitolea hizo wiki sita, kaa tuandike."

Wakaandika. Siku mbili kwa wiki, hizo nyingine abaki na baba yake. Atafundishwa nini, na nani. Nauli na chakula juu ya fundi yule wa kompyuta. Siku ya mwisho ni ipi. Na barua ya sifa atapewa hata kama hataajiriwa. Wakasaini wote wawili.

Siku ya mwisho ilipofika, fundi yule aliweka mkataba wa ajira juu ya meza bila kuulizwa. Leo Bisibisi ndiye msimamizi wa kompyuta zote za chuo kile. Baba yake bado anashona kwa jicho moja, mishono ya kunyooka tu, na mwanafunzi aliyemchukua ndiye anayekata.

FUNZO

Vijana, kujitolea si ujinga. Mkono unaofanya ndio unaojua, na wengi waliopo maofisini leo walianza hivyo. Lakini usiingie mlango usiojua unatokea wapi. Omba maandishi: muda, kazi, mwalimu wako, na barua mwishoni. Anayekasirika ukiomba karatasi amekwishakujibu. Weka mwenyewe kumbukumbu za kila ulichofanya, na muda ukiisha, ondoka. Usiahirishe matibabu, kodi wala maisha kwa ajili ya "mwezi ujao" wa mtu mwingine.

Wazazi na watu wazima, tusiwafundishe watoto adabu ya kudhulumiwa. Mimi niliita woga wangu uvumilivu, na jirani yangu amelipa kwa jicho.

Nanyi wakubwa: kumfundisha kijana wiki chache ni fadhila. Kumtwisha kazi ya mwajiriwa kwa mwaka mzima, huku umemfukuza aliyekuwa akilipwa, ni wizi, hata ukiuvalisha tai. Anayesema hana uwezo wa kumlipa mtoto wa watu, na aseme pia kwamba hana uwezo wa kumtumikisha.