Nilisema Ekzosi Ilikuwa Mbovu

Nina miaka hamsini na moja, ni fundi pikipiki hapa Mwanga, Kigoma. Mke wangu ameondoka nyumbani, huu ni mwezi wa tatu. Majirani wananiuliza sababu, nawajibu amekwenda kusalimia ndugu. Leo naisema ile ya kweli, wenzangu mnaosoma!

Enzi za ujana wangu, wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakivuka ziwa kila kukicha, mimi na rafiki zangu Ramadhani na Festo tulikuwa wagonjwa wa pikipiki. Kila Jumapili mchana tulipanda milima hadi Kalinzi kula upepo, kisha tukashuka tukishindana kwenye kona. Kila mtu na madoido yake. Ramadhani alibadilisha usukani, Festo alipaka tangi rangi ya dhahabu. Mimi? Nilikata ekzosi, lile bomba la moshi, nikatoa matumbo yote ya ndani yanayozuia kelele.

Halafu nikajifunza ule mchezo... Ukiwa kwenye mteremko unazima swichi, unahesabu mbili, unawasha tena. Paa! Utadhani bunduki. Watu wanaruka, sisi tunacheka mpaka machozi. Ujinga gani ule!

Enzi hizohizo nikampenda Josiane, binti wa Kirundi aliyeishi na mama yake kwa jamaa zao Bangwe, karibu kabisa na maji. Alinieleza jinsi walivyopona. Kijijini kwao bunduki zilipolia, mama aliwaambia watoto neno moja tu: kimbilieni majini! Watoto walikuwa wanne. Kwenye mtumbwi alifika Josiane peke yake na mama.

Kwa hiyo aliniomba kitu kimoja. Siku ya kuleta posa, mchezo wangu niuache Mwanga.

"Mama bado anazisikia," aliniambia.

Nikaapa kwa Mungu.

Siku ikafika, Jumapili saa nane mchana. Wazee wangu walikuwa wanakuja nyuma na gari la kukodi, sisi watatu tukatangulia na pikipiki, mashati tumeyapiga pasi. Kwenye mteremko wa Bangwe, Ramadhani akanipigia kelele: "Bwana harusi, mbona umenywea? Wasalimie wakwe!"

Mkono ukaenda wenyewe kwenye swichi... Hapana, nadanganya tena. Niliupeleka mimi.

Paa! Nikarudia. Paa! Paa!

Tulipofika, uani hapakuwa na mtu. Makelele yalitoka ufukweni. Mama alikuwa akiosha sahani za wageni, yaani sisi. Aliposikia ule mlio alizitupa, akaingia majini na kitenge chake kipya, akiwaita kwa majina wale watoto wake watatu waliokufa. Pale ziwa linakatika ghafla, hatua chache tu ni kina. Wavuvi walimtoa akiwa ameshakata roho.

Josiane alikaa mchangani, kichwa cha mama kikiwa mapajani. "Mana yanje," alisema. Yaani Mungu wangu, kwa Kirundi. Kisha akaniuliza, taratibu tu, "Ulifanya makusudi?"

Nikasema ekzosi ilikuwa mbovu, imelipuka yenyewe.

Akaniamini, maana hakuwahi kujua mlio ule unatolewa vipi! Tena yeye ndiye aliyenibembeleza msibani. Baada ya mwaka tukaoana, tukazaa, tukazeeka pamoja. Wateja wangu aliwaambia, "Mume wangu hawezi kuiacha ekzosi mbovu, ndiyo iliyomuua mama yangu." Mimi nainamia spana zangu. Mnajua kukaa na neno kama hilo miaka yote? Pikipiki ikikohoa tu barabarani, naona kitenge kinaelea...

Miezi mitatu iliyopita alikuja mteja, dereva wa bodaboda. Josiane alikuwa ananiletea chakula.

"Shikamoo mzee," yule mteja akasema. "Naambiwa enzi zenu wewe ndiye uliyekuwa bingwa wa kulipua ekzosi kwa swichi!"

Josiane akaweka chakula chini. "Kwani inalipuliwa kwa swichi?"

Yule bwana, hana hili wala lile, akapanda pikipiki yake, akashuka nayo mteremko kidogo, akamwonyesha. Zima. Washa. Paa!

Josiane hakushtuka. Alinitazama mimi.

"Siku ile nilikuuliza," akasema.

Yuko Bangwe sasa, kwa jamaa zake. Nikienda hatoki ndani.

Ninyi mnaotoboa ekzosi ili mtu aruke, nawasihi, acheni! Hamjui anayeruka anakimbilia wapi. Na ukiulizwa, jibu siku hiyohiyo, hata kama utapoteza kila kitu.

Josiane, kama kuna atakayekusomea haya... ndiyo. Nilifanya makusudi.