Taa ya Eufémia

"Msomi, mpelekee kaka yako supu kabla haijapoa," mama aliniambia. "Au na hiyo inataka digrii?"

Digrii ninayo. Viumbe wa kilindini, Lisbon, tena kwa sifa. Kazi ndiyo sina. Basi nikabeba sufuria la supu ya ngano, nikashuka njia ya jabali huku natukana kimoyomoyo.

Hapa kwetu Madeira wavuvi hushusha ndoana zaidi ya kilomita moja, kwenye maji yasiyojua jua, wakamvua espada, samaki mweusi mrefu kama mshipi. Gaspar, kaka yangu, alikuwa fundi wa kazi hiyo. Halafu akamfuata Eufémia, mjane aliyehamia nyumba ya mwisho chini ya jabali. Tangu Kwaresima hajapanda kutuona, na mama hali, halali.

Baharini jua lilikuwa bado halijazama. Chini ya jabali kulishakuwa giza.

Taa moja tu. Ya samawati, hafifu, imening'inia kwenye ufito mrefu uliochomoza juu ya mlango. Ilikuwa inacheza... taratibu...

Upepo haukuwepo.

Nikajikuta nakwenda mbio, kwenye njia ambayo watu huishuka kwa makalio.

Ndani kulikuwa na baridi ya friji na harufu ya matope ya chumvi.

"Karibu, shemeji." Eufémia alikuwa ameketi, jimama zito, kajifunika shali hadi miguuni. Alisema bila kufungua mdomo sawasawa, kama anayeficha meno.

"Gaspar yuko wapi?"

"Yupo. Siku hizi hatoki."

"Telmo..." Sauti ya kaka, nyembamba. "Mama hajambo?"

Ilitoka chini ya shali.

"Toka huko, we mjinga! Mama atakufa kwa ajili yako!"

"Siwezi, pá, ndugu yangu."

"Huwezi au hutaki?"

"Sioni tena tofauti yake. Na supu rudi nayo. Akila yeye, nashiba mimi."

Hayo nilishayasoma. Kule kilindini chakula haba, mwenzi haba zaidi. Kuna samaki jike anayening'iniza taa mbele ya mdomo wake. Dume, kijitu kidogo, akimpata anamng'ata na hamwachi. Ngozi zinashikana. Damu inakuwa moja. Macho ya dume yanakufa, matumbo yananyauka, mwishowe anabaki kinundu ubavuni mwa mkewe. Kwenye mtihani niliuita ustadi wa kuishi. Profesa akanipongeza.

Nikavuta shali.

Shavu la Gaspar lilikuwa limeingia kwenye mbavu za Eufémia. Hakuna mshono. Hakuna kovu. Nusu ya mdomo ilishazama, jicho lililobaki jeupe kama la samaki wa kuchemshwa.

Nikamshika mkono, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Wakapiga yowe wote wawili. Kwa sauti moja.

Sufuria likaanguka. Nikarudi nyuma hadi mlangoni, na hapo Eufémia akanong'ona:

"Shemeji... nasikia unatafuta kazi."

"Nani kakwambia?"

"Analolijua kaka yako nalijua." Nje taa ikaongezeka mwanga, ikanimulika mgongoni, ukutani, kila mahali. "Kazi ipo. Mshahara, bima, meza yako mwenyewe. Sogea nikueleze."

Ipo! Ofisi zote za kisiwa hiki, mabosi wote wale wenye tai, hakuna aliyewahi kunitamkia neno hilo.

Nikapiga hatua.

Mbele.

"Fumba macho," nusu ya mdomo wa kaka ikasema. "Fumba, Telmo! Panda!"

Nikafumba. Nilipanda jabali lile kwa kupapasa, na sikufumbua hadi nilipomgonga mama mlangoni.

Kesho yake mchana nilirudi na wavuvi. Nyumba tupu. Sakafu imelowa maji ya chumvi. Sufuria la mama limeoshwa, limeinamishwa kizingitini. "Msomi kalewa poncha," wakacheka, ila hakuna aliyekubali kulibeba.

Mama bado anaweka sahani ya Gaspar mezani. Na kila jua likielekea kuzama, dirisha langu hupata rangi ya samawati. Siku hizi taa iko majini, karibu kabisa na miamba.

Leo mama amenikuta napiga pasi shati jeupe.

"Hee! Umeitwa kwenye usaili?" akauliza, na uso wake ukang'aa kwa mara ya kwanza tangu Kwaresima. "Wapi, mwanangu?"

Nimegeuza kola, naendelea kupiga pasi; dirishani samawati imeshaanza kuingia.