Mfuniko Usiokuwa na Kwao

Nyumbani kwetu kila kitu kilikuwa na kwao, isipokuwa mfuniko wa kikaango. Mama aliufunikia ndoo. Baba, ambaye ni seremala, aliutumia kuwekea misumari. Kitinda mimba wetu, tunayemwita Dereva, aliugeuza usukani akazunguka nao uani akipiga honi kwa mdomo. Bibi, ambaye goti lake lilistaafu kabla yake, alikaa kwenye kigoda kando ya jiko akitoa hukumu.

Jioni moja Mama alikuwa akikaanga viazi. Akaitwa mlangoni, akaenda. Mazungumzo yakanoga. Mafuta yakaanza kufuka moshi. Baba akanyakua jagi la maji.

"Weka chini hilo jagi, fundi," sauti ilisema dirishani. Alikuwa jirani yetu, zimamoto mstaafu. Aliingia, akazima gesi.

"Mimi tangu nizaliwe moto nauzima kwa maji," Baba alisema.

"Wa kuni, sawa. Wa mafuta, hapana. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke ghafla, yanarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Na mama yako, kwa goti hilo, angekimbilia wapi?"

Baba alimtazama Bibi. Jagi likashuka lenyewe.

"Sasa tufanyeje?" Mama aliuliza. Alikuwa amerudi, macho chini.

"Usiache mafuta jikoni peke yake. Moshi ni hodi ya moto. Ukiuona, zima jiko. Moto ukiwaka, zima jiko kama mkono unafika salama, kisha funika. Moto bila hewa haupumui. Kikaango usikihamishe. Ukiona umekushinda, toeni watu wote, fungeni mlango, pigeni simu zimamoto."

"Funika kombe mwanaharamu apite," Bibi alisema.

"Umemaliza somo, Bi Mkubwa. Mwanaharamu ndiye moto. Ila kombe lenyewe liko wapi?"

Tukasikia honi uani.

Baba hakulala na deni hilo. Alipigilia msumari ukutani, pembeni mwa jiko, mfuniko ukapata kwao. Kigoda cha Bibi kikahamia karibu na mlango. Dereva alipewa sahani ya plastiki, akalalamika kwamba gari limeshuka hadhi. Kisha tukafanya mazoezi kwa kikaango baridi, Dereva akiwa moto. Alikuwa moto mbishi. Alifunikwa, akakataa kuzimika.

Ikafika zamu ya Baba kupika, Mama akiwa kazini. Aligeuka kubishana na Bibi kuhusu chumvi. Nyuma yake mafuta yakawaka. Mkono wake ukaenda kwenye jagi. Mazoea yana taabu.

"Funika kombe," Bibi alisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

Mkono ukageuka. Baba alizima gesi. Akaushika mfuniko mbele yake kama ngao, akautelezesha juu ya kikaango. Moto ukakosa pumzi, ukafa.

"Nichungulie?" Dereva aliuliza.

"Ukifunua mapema atarudi," Bibi alisema. "Kiache kipoe kabisa."

Mama aliporudi, kikaango kilikuwa bado kimefunikwa, na Bibi yuko kwenye kigoda chake, mzima, akila mkate.

"Viazi viko wapi?"

"Muulize mwanaharamu," Baba alisema, akimpakia Bibi siagi kwenye kipande cha pili. "Amepita sasa hivi."