Maji ya Mgeni

Kwao Akelo, mtaa wa Pasiansi kando ya ziwa, maji hayakuwa na kazi moja. Yaliyosuuza nguo yalipiga deki. Yaliyoosha mchele yaliishia kwenye mchicha nyuma ya jiko. Bomba lilitoa maji siku lilipojisikia, na ziwa, ingawa lilionekana kutoka mlangoni, lilikuwa limejaa magugu maji ufukweni mpaka maji yakanuka. Ndiyo maana pipa la Mama lililindwa kuliko kabati la vyombo.

Jumamosi hiyo shangazi yake, Amondi, alikuwa anarudi kutoka Australia alikosomea uuguzi. Majirani walikuwa wamealikwa chakula cha jioni. Mama alipokwenda kununua samaki, Akelo aliyatazama mabeseni ya maji yaliyotumika, yamepangwa mlangoni, akaona aibu. Mtu atoke nchi ya wenye nazo, aje akute hivi? Akayamwaga yote. Akapiga deki kwa maji safi ya pipa, akajaza na beseni la kuogea, mpaka kata ikagonga kitako cha pipa.

Mama aliporudi aliinua mfuniko, akauliza nani ameyamaliza maji. Wageni wangepikiwa kwa maji gani? Akelo akawahi kusema kuwa mdogo wake, Okech, ndiye aliyekuwa akiyachezea. Okech akaangua kilio.

Punde shangazi akafika, akaamkiwa, akapelekwa kuoga. Alitoka na beseni la maji aliyoogea mkononi.

“Haya mnayatumia wapi?”

“Yamwage tu, shangazi. Hapa hatuweki maji machafu,” Akelo akajibu.

Shangazi akacheka. Akasimulia kwamba mwaka wa ukame, kule alikosoma, watu walikatazwa kumwagilia bustani kwa mpira wa maji. Mwenye nyumba wake, mama mwenye magari mawili, alioga amesimama ndani ya beseni, kisha maji yale akayapeleka kwenye maua.

“Na hakuna aliyemcheka,” akamalizia. “Aliyesemwa na mtaa mzima ni yule aliyeosha gari.”

Akelo alimtazama Okech, ambaye macho yake yalikuwa bado mekundu kwa kulia.

“Mama, si Okech. Ni mimi niliyeyamaliza. Niliona aibu.”

Mama hakumchapa. Alimtuma nyumba kwa nyumba, akawaeleze walioalikwa alichofanya, kisha awaombe waje na maji. Lo, mtaa ulipata la kusema! Mama Paskazia, jirani ambaye habari haikumpita, alicheka mpaka akashika mlango.

“Karamu ya kujiletea maji? Hiyo siikosi.”

Akajitwisha ndoo, wengine wakafuata. Jioni ugali ukasongwa, sato, wale samaki wa Mama, wakachemka, nyumba ikajaa hadi kizingitini.

Wageni waliponawa, Akelo alikinga beseni bila kuambiwa, akapita nalo mbele ya wote hadi kwenye mchicha. Aliporudi, Mama akamkalisha karibu naye.

“Kubana maji si umaskini, mwanangu. Yakiadimika, tajiri atabana na maskini atabana. Aibu ni kuyamwaga ili uonekane unayo, kisha umsingizie mwenzako.”

Okech, mdomo umejaa samaki, akaitikia “Amina” kabla ya mtu mwingine yeyote.